Kibarua na Mkataba: Uhakika wa Kazi Umelalia Upande Gani?

Kila inapofika Mei Mosi, wafanyakazi na waajiri wa nchi yetu huandamana, husikiliza hotuba, kisha huketi pamoja kwenye vinywaji. Siku hiyo husikika madai mawili ambayo sasa tumekwisha kuyazoea. Vyama vya wafanyakazi hutaka kazi ya mtu iwe na uhakika: asiachishwe bila sababu, asifanywe kibarua miaka nenda miaka rudi, asistaafu mikono mitupu. Waajiri nao hutaka wepesi: waweze kuongeza watu biashara inapochangamka na kuwapunguza inapozorota, bila ya kufikishwa mahakamani kwa kila barua ya kuachisha kazi. Madai haya hayakuanza jana, wala si ya Burundi peke yake. Lakini yapo mambo ya Bujumbura yanayoyapa sura yake ya pekee, na hayo ndiyo tunayotaka kuyaangalia katika makala haya.

Hebu tuanze na sheria. Sheria ya Kazi ya kwanza ya Burundi huru ilitangazwa mwaka 1966. Ya pili, yaani amri yenye nguvu ya sheria namba 1/037, ilitiwa saini tarehe 7 Julai 1993, siku tatu tu kabla ya Rais Melchior Ndadaye kuapishwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Rais huyo aliuawa na nchi ikaingia vitani. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa ajili ya uchumi wa amani ilitumika katika miaka ya vita, na katika miaka ya vikwazo vya majirani, tangu Julai 1996 hadi Januari 1999, ambapo viwanda vilikosa malighafi na magari yalikosa mafuta. Sheria ya tatu, namba 1/11, ilitolewa tarehe 24 Novemba 2020. Msomaji atakayepiga hesabu ataona jambo la ajabu kidogo: tangu sheria ya kwanza hadi ya pili ilipita miaka 27, na tangu ya pili hadi ya tatu ikapita tena miaka 27.

Sheria hizi, kwa jumla, zimejengwa juu ya msingi mmoja. Mtu mwenye mkataba wa muda usio na kikomo haachishwi ila kwa sababu inayoelezeka; hupewa notisi, na notisi hiyo hurefuka kwa kadiri ya miaka aliyotumika; hulipwa haki zake za kuachishwa; ana likizo; mwanamke ana mapumziko ya uzazi; na akidhulumiwa anaweza kwenda kwa Mkaguzi wa Kazi, kisha katika Mahakama ya Kazi. Nyuma yake ipo Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ile tunayoiita INSS, iliyoanzishwa mwaka 1962, inayoshughulikia pensheni na ajali za kazini. Mtumishi wa serikali ana kinga zaidi ya hizo: sheria yake mwenyewe ya mwaka 2006, na mfuko wake wa matibabu, yaani Mutuelle, ulioanzishwa mwaka 1980.

Haya ni mambo mema, na hatutaki mtu yeyote afikiri kwamba tunayadharau. Mshahara wa mtu mmoja mwenye mkataba mjini Bujumbura hula watu wengi. Hulipa ada za wadogo zake, humpeleka mama hospitalini, hujenga nyumba ya matofali mlimani kwao. Benki humkopesha kwa sababu mshahara wake hupita kwao mwezi kwa mwezi. Wazazi wa binti humkubali kuwa mkwe. Kumwachisha mtu huyo kazi si kumwondoa yeye peke yake kwenye orodha ya malipo. Ni kuvunja nguzo ambayo watu kumi wameiegemea. Ndiyo maana neno la vyama vya wafanyakazi, viwe vile vya COSYBU au vile vya CSB, huwa kali kila linapotajwa jambo la kulegeza masharti ya kuachisha kazi.

Hata hivyo yafaa tujiulize: ni nani hasa anayelindwa na nguzo hiyo? Wananchi wengi mno wa Burundi wanaishi kwa jembe. Mjini nako, wengi wa wale wanaoamka alfajiri kutafuta riziki hawana mkataba, hawana notisi, hawana hata karatasi inayoonyesha kwamba jana walifanya kazi. Sheria ilitungwa kwa kuutazama mji wa ofisi na viwanda. Mji huo ulikuwako, tena ulikuwa na matumaini makubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 yalianzishwa mashirika ya umma na viwanda kadhaa; COTEBU, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa fahari ya Bujumbura na kiliajiri watu wengi kwa zamu, mchana na usiku. Kisha, mwaka 1986, nchi iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi pamoja na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mashirika ya umma yakaanza kupunguziwa uzito. Baadaye vita vikaja, na baada ya vita vikaja vitambaa vya bei rahisi kutoka nje na mitumba. COTEBU ilisimama katikati ya miaka ya 2000. Kampuni ya Afritextile ilirithi majengo yake, lakini wale waliotoka hawakurudi wote, wala hakuna sheria duniani ambayo ingeweza kuwarudisha.

Basi jambo la kwanza tunalotaka kulisema ni hili: Sheria ya Kazi ya Bujumbura haikudhoofika kwa sababu waajiri waliishinda katika mabishano. Ilidhoofika kwa sababu mahali ilipokuwa ikitawala palipungua, huku mji wenyewe ukipanuka.

Nenda Buyenzi, ndugu msomaji, asubuhi ya siku yoyote ya kazi. Mtaa mzima ni karakana. Hapa wanachomelea fremu ya gari, pale wanabomoa injini, ng'ambo wanauza vipuri vilivyotolewa kwenye magari mengine. Fundi mkuu ana vijana wanne au watano. Huyu ni mwanafunzi wake, hapati ila chakula; huyu hulipwa kwa kazi; yule alikuja wiki hii kwa sababu kuna basi la kumaliza. Hakuna aliyewaandikisha. Nenda Ruvumera sokoni uwaone wabeba magunia. Nenda Kinama au Kamenge kwenye nyumba zinazojengwa, uwaone wasaidizi wa waashi waliosimama kando wakingoja kuitwa, na wengine hawaitwi wakarudi nyumbani na ndoo tupu. Ingia ndani ya nyumba za watu wa mjini, pamoja na nyumba za wale wanaohutubia siku ya Mei Mosi, uwaangalie watumishi wa nyumbani: wanaamka wa kwanza, wanalala wa mwisho, na kazi yao hukoma kwa neno moja la mama mwenye nyumba.

Watu hawa tayari wana ule wepesi ambao waajiri wanauomba. Wanao wote. Wanaongezwa leo na kupunguzwa kesho. Kama wepesi huo peke yake ungekuwa dawa ya kuleta kazi na utajiri, Buyenzi ingekuwa tajiri kuliko Rohero.

Kwa hiyo twaona kwamba mjadala wetu umewekwa mahali pasipo pake. Watu hujadili kama kwamba taifa lina kapu moja lenye uhakika wa kazi, na sharti tuamue tupunguze kiasi gani tuweke wepesi. Kumbe tuna makapu mawili: moja dogo limejaa uhakika, na jingine kubwa limejaa wepesi, na kati yake hakuna njia. Kijana wa Kinama hatoki katika kibarua kwenda katika mkataba kwa ngazi. Ama ataruka, ama atabaki chini.

Tukisema hivi hatumaanishi kwamba waajiri hawana hoja. Tunawafahamu, na baadhi yao wanasema kweli. Mwenye kiwanda cha sabuni au cha kusindika vyakula hana hakika kwamba mwezi ujao atapata fedha za kigeni za kununulia malighafi. Upungufu wa mafuta ya magari, uliotusumbua katika miaka ya hivi karibuni, humfungia kazi wiki nzima. Mpaka ukifungwa, kama ule wa Rwanda ulivyofungwa Januari 2024, njia ya mizigo hubadilika kwa siku moja. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba kila anayemwandika leo ni wake hadi uzeeni, au atalipa sana ili amwachie, hufanya jambo ambalo hata sisi huenda tungelifanya: haandiki. Huchukua watu kwa siku, au kwa mikataba ya muda mfupi inayofuatana kama shanga katika uzi. Uhakika uliowekwa na sheria ili umlinde mfanyakazi hugeuka kuwa ukuta wa kumzuia asiingie. Hili ni kweli, na vyama vya wafanyakazi vingefanya vema kulikubali hadharani.

Lakini waajiri nao wakubali jambo moja. Sehemu kubwa ya wepesi wanaoutumia haitokani na shida ya mafuta wala ya fedha za kigeni. Iko kazi ambayo haina msimu. Mlinzi wa usiku hulinda kila usiku. Mfagiaji hufagia kila siku. Mpishi wa hoteli hupika Januari na Julai. Kumweka mtu wa namna hiyo katika kibarua cha miaka sita si kujihadhari na hali mbaya ya biashara, bali ni kumhamishia yeye hasara ambayo mwajiri hakutaka kuibeba.

Neno lenyewe kibarua lina historia inayotufundisha. Limetokana na barua: ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kiwe ushahidi wa kazi yake. Wazee wetu wengi walikijua kwa jina la ndugu yake, kipande. Barundi kwa maelfu walivuka mpaka wakati wa ukoloni kwenda Uganda kwenye pamba, na kwenda Tanganyika kwenye mashamba ya katani, kule walikokuita Manamba. Katika mashamba hayo kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Mtu aliweza kulala siku moja, akafanya kazi siku mbili, akaugua siku tatu. Siku ambayo hakufanya kazi haikuandikwa, na malipo kamili yalikuja pale siku 30 zilipotimia. Huo ulikuwa wepesi mkubwa. Wepesi huo ulimfaa mwenye shamba, na mara nyingine ulimfaa hata mfanyakazi aliyekuwa na kishamba chake cha mihogo. Lakini tazama: karatasi ilikuwapo. Siku zilihesabiwa. Kibarua wa Bujumbura wa leo amebakiwa na jina, na karatasi imepotea.

Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lilifika mbali zaidi, na twaona inafaa kulisimulia kwa kirefu kidogo. Bandari ya Mombasa iliendeshwa kwa miongo mingi na vibarua. Meli zikija nyingi, watu wengi waliitwa langoni. Meli zisipokuja, walirudi nyumbani. Waajiri waliupenda utaratibu huo, na watu wengi wa bandarini nao hawakuuchukia, kwa sababu mtu aliweza kufanya kazi siku chache kisha akashughulikia mambo yake. Lakini ujira ulikuwa mdogo na maisha yalipanda. Mwaka 1939 wapakuzi waligoma. Januari 1947 mji mzima uligoma, watu wapatao 15,000, kwa siku kumi na mbili, na kiongozi aliyejulikana zaidi akawa Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni iliogopa. Katika miaka ya 1950 iliamua kuandikisha wapakuzi, kuwataka wafike kazini idadi maalumu ya siku, na kidogo kidogo kuwageuza vibarua kuwa wafanyakazi wa mwezi.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Wale walioandikishwa walipata ujira ulio bora na uhakika ambao baba zao hawakuujua. Kazi ya bandarini ikawa kazi ya kutamanika. Wale ambao majina yao hayakuingia katika daftari walifungiwa lango. Uhakika wa mmoja ulinunuliwa kwa kumtoa mwingine. Wala hatulitaji jambo hili ili kusema kwamba kuandikisha ni vibaya. Tunalitaja kwa sababu ndilo swali ambalo kila mpango wa namna hii utaulizwa hapa Bujumbura, na afadhali tulijibu kabla ya kuulizwa: daftari likifunguliwa, nani atabaki nje?

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Tanganyika, mwaka 1964, ilitunga sheria ya kumhakikishia mtu kazi yake, ambayo ilimpunguzia mwajiri uwezo wa kumwadhibu na kumfukuza mfanyakazi apendavyo. Baada ya miaka arobaini, katika sheria ya mwaka 2004, Tanzania iliamua kwamba mikataba ya muda maalumu iwe hasa kwa wataalamu na viongozi wa kazi, ili mtu wa kawaida asizungushwe katika mikataba mifupi. Kenya, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, ilishika njia nyingine: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki zake hufuata. Kwa maoni yetu njia hii ya Kenya ina busara, maana haimkatazi mwajiri kuchukua kibarua. Inamwambia tu kwamba kazi ya kudumu haiwezi kuitwa kibarua kwa kudumu. Udhaifu wake unajulikana pia: mwajiri mjanja hujifunza kuhesabu siku, akamwondoa mtu kabla siku hazijatimia, kisha akamrudisha. Rwanda katika sheria ya mwaka 2018 ilitamka wazi kwamba baadhi ya kanuni, kama vile za usalama na afya kazini, zinamhusu hata mfanyakazi asiye katika sekta rasmi.

Wapo wanaopenda kututajia Denmark. Huko mwajiri huachisha mtu kazi bila ya taabu kubwa, lakini aliyeachishwa hulipwa na mfuko wa wasio na kazi hata kwa muda wa miaka miwili, akifundishwa kazi nyingine. Ni mfano mzuri, ila tusidanganyane. Mfuko huo unalishwa na kodi za watu wengi walioandikishwa, na na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu sana. Anayetuletea nusu ya mfano huo, ile nusu ya kuachisha, akaisahau nusu ya kulipa, anatuuzia gari lisilo na breki. Sisi hatuna mfuko wa wasio na kazi hata kidogo. Tanzania ilianza mwaka 2018 kumpa mwanachama aliyepoteza kazi theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Hilo liko karibu nasi zaidi kuliko Denmark, kwa njia na kwa uwezo.

Kabla hatujafika kwenye mapendekezo, kuna jambo moja ambalo haliwezi kurukwa. Mwaka 1988, kwa agizo la Waziri, ujira wa chini wa siku uliwekwa faranga 160 mjini, na faranga 105 mikoani. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa kama faranga 140, kwa hiyo ujira huo ulipita dola moja kidogo, na mtu alinunua chakula. Kiwango hicho kilibaki katika vitabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Vita vilipita, serikali zilipita, noti zilibadilishwa, na faranga 160 zikawa hazinunui hata andazi. Mwajiri yeyote humlipa kibarua zaidi ya hapo, si kwa sababu ya sheria bali kwa sababu hakuna atakayekuja. Sheria ya namna hii haimlindi mtu wala haimzuii mtu. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba huwazoesha watu wote, mwajiri, mfanyakazi na mkaguzi, kuona kwamba yaliyoandikwa ni jambo moja na kazi ni jambo jingine. Yeyote anayetaka kuzungumza juu ya mizani ya kazi, na aanze kwa kuweka jiwe la kupimia.

Turudi sasa kwa watu wa kapu kubwa. Matukio mawili yanatuonyesha hali yao waziwazi. Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Maelfu ya wafanyabiashara walipoteza mali, wengi bila ya bima. Lakini pamoja nao walipotea machoni wabebaji, washonaji, wauza chai, vijana wa kukaa mezani kwa niaba ya wenye meza. Kiwanda kikiungua, wafanyakazi wake wana majina katika daftari la INSS. Soko lilipoungua, watu hawa hawakuwa na daftari lolote la kuonyesha kwamba walikuwa wakifanya kazi pale.

La pili ni la Machi 2022. Tangu tarehe 21 ya mwezi huo, pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilizuiwa kuingia katika sehemu kubwa ya mji. Serikali ilikuwa na sababu zake: ajali zilikuwa nyingi, na barabara za katikati zilijaa. Hatulibishi hilo. Tunasema tu kwamba tangazo lilitoka mwezi uleule. Karani akiachishwa kazi, sheria humpa muda wa kujitayarisha, na muda huo huongezeka kwa kila miaka aliyotumika. Mwendesha pikipiki mwenye deni la pikipiki yake, aliyefanya kazi hiyo miaka kumi, hahesabiwi kuwa na muda wowote, kwa kuwa kwa macho ya sheria hakuna aliyemwajiri. Lakini kazi yake ilikatwa kweli, tena kwa siku moja. Kwa nini basi uamuzi wa mamlaka unaofuta njia ya riziki ya watu wengi usiwe na notisi yake, ya miezi mitatu kwa mfano, pamoja na sehemu nyingine walizotengewa mapema? Notisi ya namna hiyo haihitaji mfuko wala mkopo wa nje.

Hapa ndipo tunapotaka kuitazama upya maana ya uhakika. Kwa muda mrefu tumeufunga uhakika kwenye kiti: mwenye kiti anao, akitoka kwenye kiti anauacha hapo. Ikiwa viti ni vichache na vinazidi kutikisika, afadhali uhakika uandamane na mtu. Aende nao kutoka karakana hadi kwenye jengo, kutoka kwenye jengo hadi kiwandani, na kutoka kiwandani arudi Buyenzi akipenda. Hilo likiwezekana, hata hoja ya mwajiri ya kutaka wepesi itapata jibu, kwa sababu kumwachia mtu hakutakuwa tena kumtupa.

Mambo ya kuanzia tunayo. Ipo kadi ya matibabu, ile CAM, iliyoanzishwa mwaka 1984 na kufufuliwa mwaka 2012, ambayo kaya hununua bila ya kuulizwa mwajiri wake ni nani. Kadi hii ina kasoro, na vituo vya afya vimelalamikia kucheleweshewa malipo. Lakini msingi wake ni sahihi, maana inamfuata mtu. Ipo pia Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Mei 2020. Kilichobaki ni kumpa kibarua kikaratasi chake tena. Kila siku aliyofanya kazi iandikwe, kwa jina lake, katika hesabu moja, hata kama siku hizo ametumikia watu ishirini tofauti. Na kila siku iliyoandikwa iwe na mchango mdogo wa INSS, nusu kwa aliyemwita na nusu kwake. Siku zikifika idadi maalumu kwa mwajiri mmoja, mkataba uzaliwe wenyewe, kama ilivyo Kenya. Zisipofika, zisipotee.

Tutaambiwa kwamba watu maskini hawawezi kuchangia. Kenya ilijaribu mwaka 2011, kwa mpango wa watu wa jua kali ulioitwa Mbao kwa sababu mtu aliweka shilingi 20 kwa siku. Na Rwanda ilianzisha Ejo Heza mwaka 2018. Mipango hiyo imeonyesha kwamba watu huweka, ila wengi huacha njiani wanapokosa au wanapokuwa na haraka ya pesa zao. Kwa hiyo twasema wazi: akiba ya hiari peke yake haitoshi. Sharti aliyefaidika na kazi ya siku achangie siku hiyo, na sharti serikali ianze kwa kutoa mfano, maana barabara, shule na majengo ya umma hujengwa na vibarua hawahawa. Mkandarasi anayeomba zabuni ya serikali na aonyeshe daftari la siku za vibarua wake kabla ya kulipwa. Hapo hapahitaji wakaguzi wengi, jambo ambalo ni muhimu, kwani wakaguzi tulionao ni wachache sana kwa kazi waliyopewa.

Na lile swali la Mombasa, la nani atabaki nje? Jibu letu ni kwamba daftari lisiwe lango. Lisiwekewe idadi ya watu, wala lisiwe sharti la kupata kazi ya siku. Liwe ni kumbukumbu tu ya kazi iliyofanyika. Anayekuja kutoka Bubanza au Cibitoke leo asubuhi aandikwe leo jioni. Litahitaji kulindwa dhidi ya wasimamizi watakaouza siku, maana watakuwepo. Na dhidi ya wale watakaoligeuza kuwa orodha ya rafiki zao. Vyama vya waendesha pikipiki, vya masoko na vya mafundi, ambavyo tayari hukusanya michango ya wanachama wao, vingeweza kupewa sehemu ya kazi hiyo, kwa sharti kwamba mfanyakazi abaki na nakala yake mfukoni.

Baraza la Taifa la Kazi, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi huketi pamoja, lina uwezo wa kulianza jambo hili bila ya kungoja sheria nyingine. Maana tukifuata desturi yetu ya miaka 27, marekebisho yajayo yatafika mwaka 2047. Kijana wa miaka ishirini anayebeba magunia leo pale Ruvumera atakuwa wakati huo amepita arobaini, na mgongo wake utakuwa umekwisha kuanza kumuuma.